Waraka kwa Wanachama: Funguo Tatu Zibaki Kwetu

Kwa: Wanachama wote wa kikundi, Gede, Dabaso na Mida
KUH: PENDEKEZO LA MWENYEKITI WA KUDUMU

Mama zangu na ndugu zangu,

Mkutano wetu wa mwaka umekaribia, na katika ajenda pameingizwa pendekezo kwamba kikundi kiwe na mwenyekiti wa kudumu, naye ashike funguo zote za sanduku la akiba, ili mfadhili awe na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Nawaomba mlikatae, na sababu zangu ni hizi.

Mimi ni mjamaa, lakini mjamaa huru. Naamini mambo mawili yasiyotenganishika: mali iliyotokana na jasho la wengi ni ya wengi, na wengi hao ndio waiamulie, si tajiri wala mkubwa wa ofisini. Ukiliacha la kwanza, uhuru unabaki wa mwenye shamba. Ukiliacha la pili, ujamaa unageuka amri.

Wapo waliokwisha kuyaandika haya mbali na kwetu. Peter Kropotkin, Mrusi aliyezaliwa katika ukoo wa makabaila akakikana cheo chake, alitoa kitabu kuhusu kusaidiana mwaka 1902. Hapa kwetu yalikuwa yakitendwa bila kitabu. Wagiriama hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na kambi, baraza la wazee wa kaya, ngome yao ya msituni. Waingereza hawakupata wa kumwamrisha, ikabidi wateue wazee wao wa serikali. Mwaka 1913, vijana walipotakiwa kwenda vibaruani na kodi ya nyumba ikidaiwa, aliyesimama ni Mekatilili wa Menza, mjane asiye na cheo. Kule Kaya Fungo wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi, na wito wa serikali ukakosa watu. Alikamatwa akapelekwa bara, na mwaka 1914 kaya ikalipuliwa kwa baruti. Lakini mweria, desturi ya kulimiana kwa zamu, haikuwa na ngome ya kulipuliwa.

Sisemi kambi ilikuwa pepo. Wanawake na vijana hawakuketi humo. Ndiyo maana kikundi chetu kisirudi kwa mzee mmoja; kiende mbele, kila mwanachama aketi.

Majirani zetu wa Tanzania wametuachia funzo chungu. Mwaka 1960 vijana walianzisha kijiji cha Litowa, Songea. Wakalima pamoja, wakaamua mambo yao mkutanoni, na vijiji vingine vikajiunga nao katika Ruvuma Development Association. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu. Mwaka 1969 chama tawala kiliivunja jumuiya hiyo na mali yake ikachukuliwa: wakubwa hawakupenda vijiji visivyongoja maagizo. Baadaye ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwa nguvu. Jina lilikuwa lile lile, ujamaa. Kilichokosekana ni hiari.

Sasa tulitazame sanduku letu. Ni la bati, lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja uko kwa mama wa vitumbua, wa pili kwa mfuga nyuki, wa tatu kwa kijana wa bodaboda. Siku ya mkutano pesa humwagwa juu ya mkeka, zikahesabiwa mbele ya wote, na jumla ikatajwa kwa sauti ili asiyejua kusoma aisikie. Juzi tulingoja sana kwa kuwa wa bodaboda alikuwa na abiria wa Watamu, tukanung'unika. Kungoja huko ndiyo bei ya ulinzi, na ni bei nafuu.

Watakaosema umoja bila bosi hauuzi kitu, wawaangalie wafuga vipepeo wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Tangu mradi wa Kipepeo uanze mwaka 1993, kila familia inafuga kwake, na pupa zinauzwa nje kwa pamoja. Kufanya kazi kwa uhuru na kuuza kwa umoja havigombani.

Kwa hiyo napendekeza:

1. Mwenyekiti, karani na mweka hazina wabadilishwe kila mwaka, na mkutano uwe na uwezo wa kumwondoa yeyote kabla ya muda wake.

2. Funguo zibaki tatu, mikononi mwa watu wasio wa nyumba moja.

3. Mfadhili akaribishwe aje azungumze nasi sote, chini ya mwembe, na masharti yake yasomwe kwa Kiswahili na Kigiriama kabla ya kutiwa sahihi yoyote.

4. Mwanachama anayetaka kutoka apewe akiba yake bila kinyongo. Pasipo mlango wa kutokea hapana hiari.

Asiyekubaliana nami aje aseme. Nitamsikiliza hadi mwisho. Ila msikae nyumbani mkatuachia wachache tuamue. Njooni nyote, na mkono wa kila mmoja uhesabiwe.

Mwanachama mwenzenu,
Gede