Mkaa, Umeme na Mfuko wa Mfanyakazi

Nchi za Ulaya zimeshughulika sana miaka hii kubadili moto wa nyumbani. Huko moto ni wa kuota, maana baridi yao haina mzaha. Matanuri ya gesi na mafuta yanaondolewa, na mahali pake yanawekwa mashine yaitwayo pampu za joto. Pampu hiyo ni kama jokofu lililogeuzwa: haichomi kitu, bali huchota joto lililo katika hewa ya nje na kulisukuma ndani. Kwa uniti moja ya umeme huweza kuleta uniti tatu za joto.

Hata hivyo, mwaka 2023 Wajerumani waligombana vikali juu ya sheria ya jambo hili, na mwaka huohuo Uingereza ilipandisha ruzuku ya pampu moja hadi pauni 7,500. Wengi hawakubishana kama mashine ni njema. Walibishana nani alipe gharama ya kwanza, na umeme uuzwe kwa bei gani ukilinganishwa na gesi.

Msomaji wa Mpanda atauliza: hayo yatuhusu nini sisi tusiohitaji kupasha nyumba joto? Yatuhusu sana. Moto wetu uko jikoni, na swali ni lilelile.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba takribani kaya nane katika kila kumi nchini zilipika kwa kuni au mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, wataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Serikali imetaja vifo takribani 33,000 kila mwaka vitokanavyo na moshi wa jikoni. Lengo hilo ni jema, nasi twaliunga mkono.

Hapa Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Misitu yetu ya miombo yabeba mizigo mingi kwa pamoja: mabani ya tumbaku yataka kuni, mashamba mapya yafyekwa, na miji yataka mkaa. Lakini tumekwisha kuona pia kwamba mti uliosimama una bei yake. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vimepata fedha za hewa ya ukaa kwa kuutunza msitu wa Ntakata, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati.

Tatizo letu ni lugha ya majukwaani. Wapo wasemaji wanaomlaumu mama mwenye jiko la mkaa kana kwamba yeye ndiye adui wa msitu. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mama huyo hununua mkaa kwa fungu au kwa ndoo ndogo kwa sababu mapato ya nyumba yake huja kwa siku. Gesi kwa kawaida haiuzwi hivyo; mtungi hujazwa wote kwa mara moja. Tena gesi hiyo hufika kwa meli katika bandari za pwani, kisha husafirishwa kuivuka nchi nzima mpaka kwetu. Wakala wa Nishati Vijijini uliuza mitungi ya kilo sita kwa nusu ya bei, na ulifanya vema. Lakini ruzuku ya mtungi wa kwanza haiwezi kuujaza ule wa pili.

Umeme ndio ulio karibu zaidi na desturi ya mnunuzi wetu. LUKU hununuliwa kidogo kidogo, kama mkaa. Jiko la presha la umeme huivisha maharage ya familia bila kumaliza uniti moja. Basi kizuizi ni nini? Tufanye hesabu.

Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi, kila uniti ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Tuseme nyumba hutumia uniti 40 kwa taa, redio na pasi. Ikianza kupika kwa umeme, uniti mbili kwa siku, zitaongezeka 60. Jumla ni 100. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500. Hizo 25 za mwisho peke yake ni shilingi 8,750. Na akihamishiwa katika kundi la kawaida la shilingi 292, zote 100 zitamgharimu shilingi 29,200. Mtu ameitikia wito, na malipo yake ni adhabu!

Wako watakaosema kwamba shirika la umeme haliwezi kuuza kwa hasara. Ni kweli, na kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa mashine za dizeli, ambazo ni ghali. Lakini taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilikusudiwa kuifikisha Mpanda kwenye Gridi. Nguvu hiyo yafaa ifike hata jikoni.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, kikomo cha uniti 75 kitazamwe upya kwa ajili ya kaya zinazopika kwa umeme. Pili, vyama vya ushirika, SACCOS na waajiri wawakopeshe wanachama na wafanyakazi majiko, walipe kidogo kidogo. Tatu, mchoma mkaa asisahauliwe. Naye ni mfanyakazi mwenye watoto, na hawezi kuacha tanuri lake bila kuonyeshwa kazi nyingine, iwe mizinga ya nyuki au ulinzi wa msitu wenye malipo.

Maneno matupu hayavunji mfupa, wala hayaivishi maharage. Bei ikiwa ya haki, mama wa Mpanda atalizima jiko la mkaa mwenyewe, bila kungoja mtu wa kumhubiria.