Doktora ya uchumi: usichague tu fasi kwenye iko perdiem



Kijana wa kwetu amepata nafasi ya kuanza doktora ya uchumi. Tumefurahi sana! Sasa anatakiwa achague tawi. Wazee wanamwambia: chukua mambo ya benki. Marafiki wanamwambia: chukua maendeleo, mashirika ya wazungu yanalipa vizuri. Hakuna aliyemuuliza ni swali gani la Kongo linalomnyima usingizi.

Sisi tunasema wazi: achukue feza ya Leta, na ndani yake kodi za madini.

Juu ya nini? Sheria ya madini ya 2018 inasema kampuni ilipe redevansi, na ile makuta igawanywe: 50 kwa mia serikali ya Kinshasa, 25 jimbo, 15 mji, sekta ao chefferie kwenye mgodi iko, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa kobalti redevansi ni 10 kwa mia. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini 10 kwa mia ya bei gani? Nani alipima tani? Kampuni ikiuzia kampuni ndugu yake ya ng'ambo kwa bei ya chini, sekta inapata 15 kwa mia ya kitu kidogo, na hakuna sheria inaonekana imevunjwa. Pale ndipo uchumi unaanza. Sisi tukipiga kelele barabarani bila hesabu, wanatujibu: «Munafanya siasa.»

Tena, kazi hii inawezekana. ITIE inatoa ripoti, mikataba mingi imechapishwa. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa nazo miaka minne ao mitano.

Hatumdanganye: ni ngumu. Kama hapendi hesabu, aache, ekonometria haina huruma. Na mbele ya kuandika jina la promota, aulize wanafunzi wake wa zamani: anasoma kurasa, ao anaziweka kwenye meza mwaka muzima? (Promota mwenye jina kubwa asiyesoma ni hasara kuliko mdogo anayesoma.) Tena aulize nani atalipa safari za kwenda Kolwezi, sababu teze ya madini haiandikwe kwenye chumba.

Ombi letu moja: teze iwe kwa Kifaransa, sawa. Lakini atutolee kurasa kumi kwa Kiswahili, mama anayeuza bugali kando ya mgodi azisome, ao mtoto wake amusomee.