Kabla ya Kusema ni Uzee

Joto la kaskazi likikolea, Januari hadi Machi, hutokea mtaani Majengo jambo ambalo hatuna budi kulikemea. Bibi wa chumba cha nyuma anaamka hoi, anawaita wajukuu kwa majina ya marehemu, akisimama anayumba. Jamaa wanatazamana na kusema: uzee huo. Hakuna anayeuliza mara ya mwisho alikunywa maji lini.

Akili ya mzee ikivurugika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, huo ni ugonjwa, na upungufu wa maji mwilini ni katika mambo ya kwanza kuchunguzwa. Umri ukisonga, hamu ya maji hufifia. Kumngoja mzee aseme ana kiu ni kumtelekeza. Figo zake hazihifadhi maji kama zamani, na baadhi ya dawa za presha humkojoza zaidi. Mtazameni ulimi kama umekauka. Ulizeni mkojo: ukiwa kidogo na rangi ya chai ya mkandaa, hali si njema. Msitegemee kumfinya ngozi kama mtoto mchanga, maana ya mzee imelegea tangu hapo.

Wengi, tena, hujinyima kwa makusudi. Choo kiko uani, usiku kiza, sakafu inateleza. Mfereji umekauka na maji ni ya mtungi, ya kununua kwa mwenye mkokoteni. Bibi anaona afadhali yapikiwe watoto. Kijana wa nyumba hiyo ana wajibu wa kumshika mkono hadi chooni, na kumpa kikombe kila baada ya muda bila kungoja kuombwa. Mwenye maradhi ya moyo au figo, daktari ndiye aseme kiasi. Ramadhani nayo miaka hii inaangukia kaskazi: mzee asiyeweza kufunga ana ruhusa ya dini, na mwanawe asimwonee haya kumkumbusha.

Kaunti nayo haina pa kujificha. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na ya 57 inawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa na Serikali. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023, waanze na vyumba vya wazee wanaoishi peke yao. Ufaransa ilichelewa: joto la Agosti 2003 liliua watu wapatao 15,000, wengi wao wazee.

Aliyechanganyikiwa au anayeshindwa kumeza asinyweshwe kwa nguvu. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.