Ulimwengu wa chini ya ardhi tunao hapa Nyeri

Likizo za shule zinapowadia, watoto wa miji ya Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Embu, hukaa mbele ya runinga kutazama vituko vya nchi za mbali. Mojawapo ya filamu ambazo jamii nzima yaweza kuitazama pamoja bila mzazi kuona haya ni Journey to the Center of the Earth ya mwaka 2008. Humo mtaalamu wa miamba, anayeigizwa na Brendan Fraser, anafuatana na mwana wa ndugu yake aliyepotea pamoja na msichana anayewaongoza. Wanatumbukia ndani ya mlima wa Iceland na kukuta ulimwengu mwingine wenye bahari yake na wanyama wake.

Sina ugomvi na filamu hiyo. Inamfunza mtoto ujasiri, inamwonyesha kwamba kitabu cha zamani chaweza kuwa ramani, na inaheshimu undugu. Ninalouliza ni hili: kwa nini mtoto wa Mathira aijue njia ya kuingia chini ya ardhi ya Iceland, na asijue lolote kuhusu mashimo yaliyo chini ya miguu yake?

Hadithi hiyo ilitungwa na Mfaransa Jules Verne mwaka 1864. Mlango wa kuingilia aliuweka katika Snæfellsjökull, mlima wa volkeno wenye barafu ambao haufiki hata mita 1,500. Mlima Kenya nao ulizaliwa na volkeno, nao una barafu, na kimo chake ni mita 5,199. Kwa hiyo si ukubwa wa mlima uliowapa wenzetu umaarufu, bali ni mtu aliyeketi akauandikia hadithi.

Nasi hadithi tunayo. Wazee wa Kikuyu wamesimulia kizazi baada ya kizazi kwamba kabla ya babu zao kufyeka misitu hii, waliishi hapa watu wafupi walioitwa Agumba. Inasemekana walikuwa wawindaji, walifuga nyuki, na makao yao yalikuwa mashimo yaliyochimbwa ardhini na kuezekwa juu. Masimulizi mengine hudai kwamba mashimo hayo yaliunganishwa kwa njia za chini kwa chini, na kwamba siku moja Agumba waliingia humo wasionekane tena. Jomo Kenyatta aliwataja katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, naye mwanahistoria Godfrey Muriuki akawajadili katika historia yake ya Wakikuyu iliyotoka mwaka 1974.

Wala jambo hili halikuachiwa wasimulizi peke yao. Mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Finland, Ari Siiriäinen, alichimba huko Gatung'ang'a, karibu na Karatina, na mwaka 1971 akachapisha matokeo yake akiyahusisha na suala la Agumba. Wataalamu hawakubaliani kuhusu mashimo ya namna hii. Kule Bonde la Ufa, yale yanayoitwa mashimo ya Sirikwa, yakiwamo ya Hyrax Hill mjini Nakuru, yalidhaniwa zamani kuwa nyumba. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe.

Huenda msomaji akasema kwamba basi hadithi imekufa. La hasha! Hapo ndipo filamu inapoanzia. Mpe bibi anayeshikilia aliyoyasikia kwa mamake. Mpe mjukuu anayesoma sayansi na kudai ushahidi. Waweke wote wawili ukingoni mwa shimo katika shamba la kahawa ambalo wajomba wanataka kulifukia ili wajenge nyumba za kupangisha. Mtazamaji atakaa kitako hadi mwisho, mkubwa kwa mdogo.

Lakini kuna sababu nzito zaidi inayonifanya niitamani filamu hii. Hadithi ya Agumba ni kumbukumbu yetu wenyewe kwamba hatukuwa wa kwanza hapa. Katika nchi ambayo ndugu huburutana mahakamani kwa ajili ya robo ekari, na ambako majirani wamewahi kufukuzana wakiitana wageni, ni vyema mtoto akue akijua kwamba kila mwenyeji aliwahi kuwa mgeni wa mtu. Walikwenda wapi Agumba? Walifukuzwa, walihama, au waliolewa na kuoa hata damu yao ikawa yetu? Swali hilo lina uzito kuliko majitu yote ya Hollywood. Kwa sababu hiyo naonya mapema: atakayeitengeneza filamu hii asiwafanye Agumba vikaragosi vya kuchekwa kwa ufupi wao.

Tukichelewa, wengine watatusimulia. Tumekwisha kuliona hilo. Vita vya Mau Mau vilipokuwa vingali moto, wageni walitengeneza Simba mwaka 1955 na Something of Value mwaka 1957, na katika filamu hizo mpiganaji wa msituni alitazamwa zaidi kwa jicho la mlowezi. Mapango yaliyowasitiri wapiganaji, kama lile la msitu wa Burguret karibu na Nanyuki, leo huonyeshwa watalii, ilhali watoto wengi wa hapa hawajayakanyaga.

Wapo watakaosema hatuna fedha wala ujuzi. Fedha ni chache, nakubali, lakini ujuzi upo. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu fupi kuhusu jamii inayoishi kwa kujifungia baada ya ardhi kukauka, akaiita jamii hiyo Maitu, jina lenye asili ya Kikuyu. Mwaka 2018 Likarion Wainaina alitupatia Supa Modo, filamu ya msichana mgonjwa ambaye kijiji kizima kinashirikiana kuitimiza ndoto yake, nayo ikapokewa vizuri hadi Berlin. Hazikuhitaji mazimwi ya kompyuta ili zituguse.

Kinachohitajika ni nia. Serikali za kaunti za Nyeri na jirani zake ziyaorodheshe mashimo haya kabla hayajasawazishwa na tingatinga. Makavazi ya Kitaifa yawaeleze walimu maana yake. Tume ya Filamu iwashawishi watunzi wachanga kuandika juu yake. Na sisi wazazi tuwapeleke watoto kwa bibi zao wakiwa na daftari mkononi, maana wajuao wanazidi kupungua.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa Iceland ni mzuri, na tuukalie tukipenda. Mbachao wetu nao utandikwe, kabla haujafukiwa pamoja na mashimo yenyewe.