Ndoa Hiyo Haimo Katika Sheria

Jamaa zetu wa Pwani wafanyao kazi Thika na Ruiru wamerudi na hofu: ati Serikali yataka kuhalalisha ndoa ya mume kwa mume na ya mke kwa mke. Twajua ilikotoka. Tarehe 24 Februari 2023 majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu walisema chama cha watu hao chafaa kusajiliwa, na viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakapinga.

Lakini kusajili chama si kufungisha nikahi. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, yampa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia nyingine; Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo yataja mume na mke.

Dini imekwisha kusema lake, nasi hatulitengui. Ila twaikumbuka Mtwapa, Februari 2010. Uvumi tu wa harusi kama hiyo, na kituo cha afya kikazingirwa, watu wakapigwa. Harusi yenyewe haikuwapo! Khatibu atakayelizungumza jambo hili Ijumaa, huko Thika au hapa kwetu, na aanze na kifungu hicho cha 45, kisha awaeleze vijana yaliyotokea Mtwapa.