Mwacha Mila ni Mtumwa: Funzo la Vyama vya Taaluma za Kiyahudi kwa Migori na Homa Bay

Katika kaunti za Homa Bay na Migori, jina la Wayahudi si geni. Tangu mwaka 1906, Waadventista Wasabato walipofungua kituo chao cha misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, habari za Musa, Daudi na Yeremia zimesimuliwa kando ya ziwa kana kwamba ni za majirani. Maelfu ya waumini huitunza Sabato kila Jumamosi. Hata hivyo, ipo sura moja ya historia ya Wayahudi ambayo haijapanda mimbarini wala kuingia darasani: namna watu hao, waliotawanyika duniani kote, walivyounda vyama vya wataalamu ili kuchunguza na kuhifadhi lugha, maandishi na kumbukumbu zao. Sura hiyo ndiyo inayozihusu zaidi kaunti hizi mbili leo, kwa kuwa ndani ya mipaka yake zimo lugha na kumbukumbu zinazopotea bila matanga.

Asili ya vyama hivyo ni ya unyenyekevu. Mwaka 1819, mjini Berlin, kikundi kidogo cha vijana wasomi, miongoni mwao Leopold Zunz na Eduard Gans, kilianzisha chama cha kuchunguza utamaduni wa Wayahudi kwa mbinu za kitaaluma. Hawakuwa na chuo wala fedha. Jarida lao lilitoka kwa muda mfupi, na kufikia mwaka 1824 chama chenyewe kilikuwa kimekufa. Lakini wazo halikufa. Zunz aliendelea kuandika kwa miaka mingi, na mwaka 1880 wasomi wa Ufaransa wakaunda chama chao mjini Paris. Mwaka 1947 Kongamano la kwanza la Dunia la Taaluma za Kiyahudi lilifanyika Jerusalem, na Umoja wa Dunia wa taaluma hizo ukazaliwa. Wamarekani walianzisha chama chao mwaka 1969, nao wa Ulaya wakafuata mwaka 1981. Kazi ya vyama hivi ni nyepesi kueleza, ingawa ni nzito kutenda: kukusanya ada za wanachama, kuitisha makongamano, kuchapisha majarida, kusaidia watafiti chipukizi, na kumkutanisha mtafiti wa nchi moja na mwenzake wa nchi nyingine anayelichunguza swali lile lile.

Mfano unaogusa moyo zaidi ni wa taasisi ya YIVO, iliyoanzishwa mwaka 1925 katika mji wa Vilna, ambao leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Taasisi hiyo ilijishughulisha hasa na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, iliyodharauliwa na wengi kuwa ni lugha ya sokoni na jikoni. YIVO haikuwasubiri maprofesa. Iliwaomba watu wa kawaida wakusanye methali, nyimbo, ngano, barua na matangazo ya mitaani, kisha wavitume Vilna. Wengi waliitikia bila malipo. Miaka michache baadaye Wanazi waliwaua Wayahudi takriban milioni 6, na vijiji vizima vilivyotoa ngano zile vikafutika. Sehemu ya hazina hiyo ilinusurika, nyingine ikiwa imefichwa na wafanyakazi waliohatarisha maisha yao chini ya macho ya adui. Leo, anayetaka kujua watu wa vijiji vile waliimba nini harusini hutegemea kazi ya wakusanyaji ambao huenda walionekana wapotezaji wa wakati.

Je, haya yana uhusiano gani na Migori na Homa Bay? Yana uhusiano mkubwa. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na katika nchi kavu iliyo jirani, wanaishi Abasuba. Masimulizi yao yanaeleza kwamba mababu wengi waliingia wakitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda. Lugha yao, Kisuba, ni ya Kibantu, ndugu wa Kiswahili. Kwa vizazi kadhaa, ndoa, biashara, shule na kanisa viliwavuta kwenye Dholuo. Hapa pana kinaya cha kusikitisha: Maandiko ya watu walioitunza lugha yao kwa maelfu ya miaka yaliwafikia Abasuba kwa lugha ya jirani. Leo wako Abasuba wengi wasioweza kusema Kisuba. Sensa huwahesabu wanaojiita Abasuba; haiwahesabu wanaoota ndoto kwa Kisuba.

Si kwamba hakuna lililofanywa. Henry Okello Ayot alichapisha historia ya Waluo-Abasuba mwaka 1979. Mfangano ina jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba. Huko Migori, boma la mawe la Thimlich Ohinga, lililojengwa bila saruji wala udongo wa kushikamanisha, huenda katika karne ya 16, liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Vivyo hivyo, Igikuria huzungumzwa Migori na pia ng'ambo ya mpaka, katika Mkoa wa Mara nchini Tanzania. Juhudi zipo, lakini ni kama vijito visivyokutana. Mtafiti huja, hurekodi, huandika tasnifu, huondoka; nakala hubaki katika maktaba ambayo mzee aliyehojiwa hatakanyaga kamwe. Kinachokosekana ni mto unaovikusanya vijito hivyo, yaani chama.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba chama cha kuchunguza lugha za makabila kitachochea ukabila, nayo Kenya ilikwisha kuonja uchungu wa ukabila mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008. Hofu hiyo ina msingi na haifai kubezwa. Lakini vyama vya taaluma za Kiyahudi havimuulizi mtafiti ukoo wake. Wasio Wayahudi ni wanachama na waandishi. Kinachomwingiza mtu ni swali lake na ubora wa kazi yake. Chama cha Migori na Homa Bay kingeweza kuwa na Mluo anayechunguza Kisuba, Mkuria anayechunguza Dholuo, na Mtanzania wa Tarime anayechunguza Igikuria. Thimlich Ohinga lenyewe linafundisha hivyo, kwa maana jamii mbalimbali ziliingia humo kwa zamu, zikazikarabati kuta walizozikuta badala ya kuzibomoa.

Wengine watadai kwamba kuzishughulikia lugha hizi ni kukidhoofisha Kiswahili. Dai hilo halina mashiko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inaitaka Serikali ikuze lugha za kiasili. Kiswahili sanifu chenyewe ni mtoto wa kamati: ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, iliyokuja kuzaa TUKI na baadaye TATAKI. Aidha, mwanafunzi wa Kiswahili anayejua ngeli na viambishi tayari ana nusu ya zana za kuchambulia Kisuba na Igikuria. Na ni lugha gani itakayowakutanisha mvuvi wa Mfangano, mkulima wa Kehancha na mwalimu wa Tarime katika kongamano moja, ikiwa si Kiswahili?

Ni kweli pia kwamba chama cha wataalamu hakiwezi kuifufua lugha peke yake. Historia ya Wayahudi inalithibitisha jambo hili kwa uchungu. YIVO ilikihifadhi Kiyidi, lakini haikuweza kuwarudisha wasemaji waliouawa. Kiebrania, kwa upande wake, kilirudi vinywani kwa sababu wazazi walikubali kukisema na watoto wao, na walimu wakakifundishia shuleni, tangu miaka ya 1880. Chama huweka akiba. Ni mzazi na mtoto wanaoitumia. Lakini mzazi anayetaka kurudi kwenye lugha yake atarudi na nini, ikiwa ghala ni tupu?

Kwa hiyo, ushauri ni huu. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Rongo, kilichoko Migori, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichoko Homa Bay, vishikane mikono na kuweka jiwe la kwanza. Kila mwanachama, wakati wa likizo ndefu, amrekodi mzee mmoja kwa ridhaa yake. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine iende maktaba ya chuo, ya tatu iwekwe katika makumbusho ya jamii husika. Kongamano lifanyike kila mwaka, kwa zamu, leo Migori, kesho Homa Bay, na milango iwe wazi kwa wenzao wa Tanzania na Uganda. Jarida, hata likiwa la kurasa 20, litolewe kwa Kiswahili, ili mzee aliyetoa maarifa asomewe alichokisema.

Gharama ya mwanzo haizidi simu ya mkononi, daftari na nauli ya mashua. Vijana wa Berlin walianza na kidogo kuliko hicho. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijazwi na anayesubiri msimu upite. Wazee wa Rusinga na Mfangano wanaokijua Kisuba cha ndani hawaongezeki, na kila mazishi yanaondoka na kamusi ambayo haijaandikwa.