Madai Matano Yanayochafua Chumba Safi Kabla Hakijajengwa

Kidonge chenye vumbi kitapambana na asidi ya tumbo. Dawa ya sindano haina kipingamizi hicho: ikishaingia kwenye mshipa au uti wa mgongo, imeruka karibu ngome zote za mwili. Ndiyo maana hutengenezwa katika chumba safi, yaani chumba ambacho idadi ya chembe hewani, shinikizo, joto na unyevu vinadhibitiwa na kupimwa. Hospitali au kiwanda kikikaa kupanga chumba hicho, madai yaleyale huibuka. Nayajibu moja moja, kwa kuwa kosa la kwenye ramani hulipwa na mgonjwa.

Dai la kwanza: "Chumba safi ni chumba kinachosuguliwa vizuri."

Kusugua ni lazima, lakini hakutoshi, maana adui anaelea. Chembe zinazohesabiwa ni za nusu mikromita kwenda juu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Hakuna jicho litakaloziona wala kitambaa kitakachozifuata hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanafizikia Willis Whitfield wa maabara ya Sandia, New Mexico, alilitazama tatizo upande mwingine. Hakuuliza vumbi lifutwe vipi. Aliuliza lisukumwe wapi. Aliifanya hewa iliyochujwa iingie kwa mkondo mmoja tulivu, ifagie chumba, kisha itokee kwenye matundu ya sakafuni. Tangu hapo, kupanga chumba safi ni kupanga mwendo wa hewa.

Dai la pili: "Tukinunua vichujio bora na viyoyozi vikubwa, tumemaliza."

Kichujio cha HEPA hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Ni chombo cha kuaminika, ila husafisha hewa inayopita ndani yake tu. Chanzo kikuu cha uchafu kimesimama mezani: ni mfanyakazi mwenyewe, ambaye akitembea humwaga chembe laki kwa laki kila dakika. Kwa hiyo lazima hewa safi iifikie dawa kabla ya kumfikia mtu, na hilo huamuliwa na mahali pa meza, mlango na matundu ya kutolea hewa.

Kiyoyozi cha ukutani hakiwezi kazi hii. Huzungusha hewa ileile ya chumba, wala hakijengi shinikizo. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa dawa zisizo na vijidudu, toleo la 2022, unataka tofauti ya angalau paskali 10 kati ya vyumba jirani vya madaraja tofauti ya usafi, ili mlango ukifunguliwa hewa itoke badala ya kuingia. Kwa wanaojenga Mombasa au Dar es Salaam kuna jambo la ziada: mitambo iwe na uwezo wa kukausha hewa, si kuipoza tu. Unyevu hulea ukungu, na mfanyakazi anayetoka jasho ndani ya vazi lililomfunika mwili mzima hafanyi kazi kwa usalama.

Dai la tatu: "Tuweke daraja la juu kabisa kila mahali, tuwe salama."

Katika daraja la ISO 5 (kwa viwango vya kimataifa vya ISO, namba ndogo ni usafi zaidi), mita moja ya ujazo ya hewa isizidi chembe 3,520 za nusu mikromita na zaidi. Katika ISO 8 kikomo ni 3,520,000, mara elfu moja. Usafi wa ISO 5 unahitajika pale kichupa kinapokuwa wazi, na eneo hilo huweza kuwa la meza moja. Ukilipanua likawa chumba kizima, utanunua feni, umeme na vichujio ambavyo havimwongezei mgonjwa kinga yoyote, huku fedha za chumba cha kuvalia na za mafunzo zikiyeyuka. Salama ni kupanda ngazi: kila hatua kuelekea dawa iwe safi kuliko iliyotangulia.

Dai la nne: "Jengo tunalo, ndani tutapanga baadaye."

Juu ya dari panahitajika nafasi ya mabomba ya hewa na ya fundi kubadilisha vichujio. Watu na vifaa vinahitaji njia zao, zenye vyumba vidogo vya kupitia ambavyo milango yake miwili haifunguki kwa pamoja. Mwongozo uleule wa Umoja wa Ulaya hauruhusu masinki na mifereji ya maji katika madaraja yake mawili ya juu. Haya huwezi kuyachomeka baadaye bila kubomoa.

Hata chumba kinachokuja tayari hakimwondolei mtu mipango. Kampuni ya chanjo ya BioNTech ilianza ujenzi wa kiwanda Kigali Juni 2022. Makontena yenye vyumba safi yakafika Machi 2023, na eneo likazinduliwa Desemba 2023. Kontena husafirishwa; umeme, maji, njia ya taka na wafanyakazi huandaliwa papo hapo.

Dai la tano: "Usiku hakuna mtu, tuzime tuokoe umeme."

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mwaka 2012, dawa za sindano kutoka New England Compounding Center, Massachusetts, zilikuwa na kuvu. Zaidi ya watu 750 katika majimbo 20 ya Marekani waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 walifariki. Kampuni hiyo ilikuwa na vyumba safi. Wakaguzi wa serikali walikuta kiyoyozi kikizimwa kila usiku, na vipimo vya kampuni yenyewe vilikuwa vimeonyesha bakteria na ukungu bila hatua stahiki kuchukuliwa. Kuzima hakukuwa kosa pekee, lakini chumba kisicho na shinikizo ni chumba cha kawaida chenye kuta za gharama. Umeme huweza kuokolewa kwa kupunguza kasi ya hewa usiku, mradi shinikizo libaki, na upunguzaji huo uwe umebuniwa na kupimwa tangu mwanzo.

Basi, kabla ya kumwita mkandarasi, mfamasia na msanifu waandike pamoja: nini kitafunguliwa, wapi, na nani, kwa muda gani, na kitaingia na kutoka kwa njia ipi. Madaraja yatokane na majibu hayo, shinikizo litokane na madaraja, na mitambo ichaguliwe mwisho. Baada ya ujenzi, chumba kipimwe kikiwa kitupu na kipimwe tena watu wakiwa kazini, moshi ukionyesha njia ya hewa. Na kama fedha za jenereta, vichujio na vipimo vya kila mwaka hazimo kwenye bajeti, ushauri wangu ni mmoja: msikijenge, nunueni dawa iliyotengenezwa na anayeweza kukitunza.